Kitenge cha Ayubu

Jumapili, Mpemba

Kile kitenge mke wangu alikinunua Nakonde, nami nikadhani atanishonea shati. Leo tuliposhinda fainali ya kugombea mbuzi, akamvisha mchezaji wangu Ayubu mabegani mbele ya watu wote. "Mwanangu, umetuheshimisha!"

Mimi kocha nikabaki naokota koni.

Wiki nzima niliwafundisha: faulo ya karibu ni pasi fupi, hakuna kupiga golini moja kwa moja. Ayubu akapiga, ikaingia. Angenitii, labda tungefungwa.

Jioni alinifuata, kitenge bado shingoni. "Samahani, kocha, sikukusikiliza."

"Ulifanya kama nilivyokufundisha," nikamjibu kwa sauti, watu wasikie.

Akainamisha kichwa. Mke wangu akacheka. Uwanja mzima ulikuwa umenisikia nikipiga kelele: "Ayubu, usipige!"