Chuo Kikuu Kinakuja Kuona Matuta Yangu

Chuo kikuu kinakuja kuona matuta yangu! Mwenyekiti ameisoma barua ya mwalimu wako wa jiografia wa hapo chuoni mbele ya kijiji kizima, nami nikawaambia wote, huyo aliyewaelekeza ni mjukuu wangu.

Marahaba, Modesta. Sisi wazima, mama yako anapalilia ulezi.

Unauliza kwa nini matuta yetu ni ya mviringo. Mjukuu wangu, umenichanganya. Nilipomaliza darasa la nne nililima kama bustani ya shule, matuta marefu yaliyonyooka kuteremka mlima. Majirani walinisifu sana. Mvua moja tu, udongo wote bondeni. Mama yangu akacheka: “Wewe umesoma, maji hayajasoma.” Nikarudia yale ya mviringo aliyolima mama, nikafukia nyasi ndani kama yeye, wala sikuuliza sababu.

Sasa bwana shamba ameagiza niyavunje, ninyooshe. Chuo kikuu kinataka kuyapima. Nimsikilize nani, na wote wamesoma? Nikamjibu bwana shamba, “Ngoja kwanza mjukuu wangu aje ayaeleze.” Amekubali kungoja mpaka Machi.

Basi mwalimu wako, wenzako na wewe, tunawategemea nyote Jumamosi ya mwisho ya Februari.

Bibi yako