Nilikujibu Mbao Ziko

Mzee Barasa,

Nimeandika jina lako mara tatu na kulikata. Ulinifundisha kuchimba mitaro miaka sita, na leo hata salamu sijui niianzie wapi. Nisamehe, mzee. Nimekuchafulia jina.

Mjengo wa Kiamunyi ulifunguliwa tena. Siku hizi hakuna anayepita getini bila helmeti na buti, na kila asubuhi tunakusanywa tuambiwe habari za usalama. Unajua mfano wanaotumia? Wewe. Msimamizi husema, "Msiwe kama Barasa, aliingia mtaroni bila kuuliza." Watu huinamisha vichwa. Mimi pia huinamisha changu, na mimi ndiye niliyempa maneno hayo.

Wewe, bila kuuliza! Wewe uliyekataa kuingia hata mtaro wa kufika kiunoni kabla hujaita kutoka juu, "Kamau, mbao ziko?" Ulinieleza kwamba udongo wa Nakuru ni mwongo: ukiwa mkavu unasimama wima kama mkate uliokatwa, ukilowa unashuka wote bila hata kukohoa. Ndiyo maana tulibana kuta kwa mbao, na kazi yangu ilikuwa kuzikagua mpaka mwisho wa mtaro ndipo nikujibu. Nikichelewa ulinitania, "Ama umeoa huko chini?"

Siku ile tulikuwa tunamwaga slabu. Mvua ilikuwa imenyesha, mbao za kuzuia zege zilipungua, zege lenyewe tayari linachanganywa, kila mtu ananipigia kelele. Wewe ulikuwa umeenda kunywa chai. Nikang'oa mbao za kule nyuma ya kona, mahali usipoweza kuona ukiwa juu, nikajiambia nitatafuta nyingine kabla hujarudi. Sikutafuta. Ulirudi, ukaita kama kawaida. Nilikuwa nimekupa mgongo, nimeshika mbao hizo hizo, na mdomo wangu ukajibu kwa mazoea: "Ziko, mzee."

Tulikufukua kwa mikono. Kucha zangu mbili zilitoka na sikuhisi kitu.

Mkaguzi alipokuja niliogopa. Nikamwambia hukuuliza. Hakuna aliyebisha, kwa sababu jibu hilo liliwafaa wengi.

Basi Jumapili iliyopita nilimpelekea mkeo viazi kidogo. Nekesa wenu alikuwa anakimbia uani, mama yake akamfokea, "Pole pole! Unataka kuwa na haraka kama baba yako?" Kisha akanigeukia, akasema, "Kamau, wewe angalau ulijaribu kumsaidia." Nilitamani ardhi inimeze. Halafu nikaona aibu hata kwa kuwaza hivyo, maana aliyemezwa ni wewe.

Mtoto wako anakua akijua baba yake alikufa kwa uzembe. Hilo nimelifanya mimi, mzee, na nimelala nalo miezi yote hii. Sijui hata nilikuwa nalala vipi.

Kwaheri, mwalimu wangu. Ninakuahidi hivi: nikimaliza barua hii naenda kwa Mama Nekesa. Nitamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, kabla hajanipa kiti, ili akitaka kunifukuza asipate taabu ya kuninyanyua. Polisi wakiniita, nitaenda. Na kesho asubuhi msimamizi akitaja jina lako, nitatoka mbele ya watu wote nitaje langu.

Kamau