Tangawisi ya Mama Rosine

Bunia, siku ya tano, magaribi

Mikono yangu ingali inanuka tangawisi. Nilitwanga, nikachemusha, nikatia asali, mutoto akakunywa. Kifua kilipata moto, kikohozi kikatulia, na kutapika kwake kukakatika. Dawa ya kweli, maana farmasi zimefungwa tangu bunduki zianze kulia.

Lakini roho haitulie. Jirani yetu Mama Rosine, siku zote ananipatia kipande kimoja tu juu ya lupango, ule ua wa katikati yetu. "Ile ingine ni mbegu," anasema, "haiguswe." Leo ameleta kitunga kizima cha tangawisi, ingali na udongo mubichi.

"Na mbegu, mama?"

"Chukua yote. Mutoto akunywe." Hakuniangalia ku macho.

Nilifurahi kama mujinga, nikasema aksanti.

Sasa nimechungulia kwake. Shamba lote limechimbwa, jiko haina moshi, mulango uko na kufuli. Ndugu ya bwana yake iko na wale wa bunduki. Wanajua kitu siye hatujui.

Kwa ile mbegu alinionya tukimbie, na mimi nikachemusha.

Bwana yangu anasema tulale, tutaona asubui. Mimi sivue viatu.