Siku Mliyomzika Papa

Mama yangu mpenzi,

Amani ya Mungu ikukute hapo Mushaki. Mguu bado unauma? Na ng'ombe, nani anawakama sasa baba yetu Papa akiwa hayupo? Mimi mwili ni mzima, lakini moyo hapana, maana tangu mazishi hupokei simu yangu.

Siku mliyomzika nilifanya kosa la kijinga. Asubuhi nilifagia chumba, nikapanga viti vyangu viwili, nikageuza ndoo iwe cha tatu, kisha nikaacha mlango wazi ili watu wa kilio waingie. Majira ya baridi, Mama, hapa Montreal. Hakuja mtu isipokuwa bibi jirani wa chini, kulalamika kwamba joto la nyumba nzima linatoka. Nikafunga. Nikavaa koti, nikatoka kutembea, kwa sababu kukaa kilioni peke yangu kulinishinda.

Theluji ilifika magotini. Watu wanapita wameinamisha vichwa, hakuna anayekuuliza umeamkaje. Baridi ya kwetu jua likipanda inaondoka. Ya huku inashinda nawe mchana kutwa. Kwenye mtaa mmoja nikasikia mabeleshi yanakwangua, nikadhani wanachimba kaburi. Kumbe kila mtu anaondoa theluji mbele ya nyumba yake, peke yake. Nililia hapohapo barabarani.

Mama Furaha, mwanamke wa kwetu kule Kashebere ninayefanya naye kazi ya usafi, alinikuta hivyo. Nilipomweleza habari ya mlango, akasema, "Dada, huku batu habakuyake ku kilio kama hujabaita. Njo vile iko." Kumbe huku watu hawaji kilioni mpaka uwaite. Akanishika mkono, tukatembea mpaka mtoni. Mto wote umekuwa barafu, watu wanapita juu.

Sasa nikuambie ukweli. Nilisema karatasi zangu za safari hazijatoka. Zilitoka, na mkuu wa kazi alinipa ruhusa. Niliogopa nikifika barabara ya Sake ifungwe na vita, nishindwe kurudi huku. Nilichagua kazi, Papa akazikwa bila mtoto wake wa kwanza. Nadhani ulijua, maana ulinijibu tu, "Haya, ni muzuri," ukakata.

Nisalimie dada Neema, na shangazi anayeuza maziwa pale barabarani, na katekista aliyemwombea Papa.

Mama, sikuombi unisamehe leo. Jumapili baada ya misa pokea simu, unitukane. Nitasikiliza mpaka inite zangu za simu ziishe.

Binti yako,
Espérance