Kimoja Asubuhi, Baada ya Kula

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Kazi inaendeleaje, na yule mzee unayemtunza huko Padova, Italia, anakubali kula siku hizi, au bado anakutemea supu? Huku micheri imechanua yote kwa pamoja, na mbwa ametuzalia tena bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi ni mzima. Bibi naye hajambo, ila hilo "hajambo" lina maelezo yake, na kwenye simu siwezi kuyatoa kwa sababu Bibi hukaa ubavuni mwangu akinifinya. Ndiyo maana nimempa Anatol, dereva wa basi la kuja huko, karatasi hii.

Mama, Bibi alilazwa hospitali. Usishtuke, amesharudi, na leo asubuhi amemtukana jogoo.

Ilianza katikati ya Kwaresima Kuu. Unamjua alivyo, hatii kitu kinywani mpaka adhuhuri, halafu ni maharage na kabichi iliyochachushwa kwenye pipa. Akaanza kupauka. Kanisani wakamsifu! Jirani yetu Tudosia alitangaza mbele ya watu kwamba huyu Agafia ndiye anayefunga, mwoneni uso umekuwa kama mshumaa, sisi wengine tunafunga midomo tu. Bibi alitembea wiki nzima shingo juu. Tumbo likimuunguza alikoroga soda ya kupikia kwenye maji, akacheua, akasema shetani huyo katoka. Kumbe alikuwa anavuja damu kwa ndani. Jumapili ya Matawi akaanguka kwenye foleni ya komunyo.

Daktari wa wilaya anaongea Kirusi, na Kirusi cha Bibi ni cha kununulia chumvi. Kwa hiyo nilitafsiri mimi, ambaye darasani naogopa kunyoosha mkono kwa lugha zote mbili. Alieleza kwamba tumboni kuna asidi kali ya kuyeyusha nyama, na tumbo lenyewe ni nyama. Halijiyeyushi kwa sababu ndani limepakwa ute mzito. Ute ukipungua, asidi hufika kwenye nyama na kuchimba kidonda. Nikamwambia Bibi ni kama enameli, ule mpako mgumu wa ndani ya sufuria lake la matango ya siki: ikibanduka, siki inatoboa bati. Bibi akataka kujua kama daktari amemwita sufuria kuukuu. Nilipoyafikisha hayo, daktari alicheka, akajibu kwamba ndiyo, ila lina miaka mingi ya kupika bado.

Walitafuta wale bakteria wanaoleta vidonda, hawakuwaona. Ndipo akauliza kuhusu vidonge vya maumivu, maana hivyo hupunguza ute, hasa kwa mzee anayevimeza na njaa. Bibi akajibu kwamba ni mara mojamoja, mgongo ukimsumbua. Nikatafsiri hivyohivyo, nikijua kila boksi la vidonge unalotuma kutoka huko huisha.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza, tukimenya viazi. Alimaliza kwanza kumenya kiazi chake, ndipo akasema. Mama, mgongo ulipona tangu mavuno ya zabibu. Alikuwa anameza kwa ajili ya boksi. Si unaandika juu yake kwa kalamu, "Mama, kimoja asubuhi, baada ya kula"? Kila asubuhi alivaa miwani, akasoma, akatii. Kwaresima ilipoingia akatii nusu ya kwanza tu. Akaniambia hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo binti yake anamwambia la kufanya, na nisithubutu kukueleza, utajiona umemuua mama yako. Mimi sioni hivyo. Ulituma kwa wema, naye alimeza kwa hamu ya kukuona. Lakini usitume tena.

Sasa nikuambie jambo ambalo Bibi mwenyewe hajalitamka. Daktari alimpa dawa ya kupunguza asidi ili kidonda kipone, akasema asipoimeza damu itarudi. Naye alikuwa anaiacha mezani. Boksi lilikuwa jeupe, halina mtu. Basi nikachukua kalamu, nikaiga mwandiko wako: "Mama, kimoja asubuhi, kabla ya kula." Alivaa miwani. Akapitisha kidole juu ya maneno, akasema M ya binti yake haina mkia mrefu namna hiyo. Kisha akameza. Kila asubuhi anameza, na kila asubuhi ananitazama.

Nimeogopa kuomba hili tangu ulipoondoka, kwa kuwa najua mzee wako hawezi kubaki peke yake. Njoo uandike mwenyewe, Mama. Na ukifika uniandikie na mimi, hata kwenye boksi tupu. Mimi siumwi, ndiyo maana hujawahi kuniandikia nile nini, nilale saa ngapi. Nitatii yote.

Bibi anakusalimu, ingawa hajui kwamba nakuandikia. Tudosia pia, tangu ile Jumapili anatuletea uji na hamsifu mtu tena. Msalimie mzee, amalize supu yake.

Mwanao akupendaye,
Aurica