Mwezi Uliojaa Kwenye Simu za Kiriba

Mama Bwire, mke wangu mpenzi,

Habari za hapo Kiriba, na za wote wanaokuzunguka? Kifua cha mama kimepoa, au bado anaamka na kikohozi? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani imeniingia mpaka magotini. Wenzangu chuoni wananicheka kwa kuvaa soksi mbili mbili. Waache wacheke.

Barua hii namkabidhi mwenzetu wa Bunda anayerudi likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini nataka uishike mkononi uwasomee kina mama wa kikundi chenu cha dagaa. Uliponiambia wameona aibu na hawataki tena kusikia habari za utafiti wangu, niliumia sana.

Unajua kazi yangu ni kutafuta namna ya kuonyesha taarifa kwenye kioo cha simu, mtu aelewe kwa kutazama tu. Zile picha tulizowatumia zilikuwa za kuwajulisha kama kesho dagaa watakauka. Wingu lilimaanisha mvua. Usiku usio na mawingu tukauchorea mwezi uliojaa, tukauliza: kesho utafanya nini? Jibu tulilotegemea ni kuanika dagaa. Wenzako wote wakajibu wataenda kupalilia mihogo. Aliyesahihisha majibu huku chuoni akaandika kwamba hawakuelewa picha, na maneno hayo yakarudi kwenu kama yalivyo.

Hawakuelewa! Nilipandwa na hasira. Kisha nikasikiliza ile sauti aliyonitumia jirani yetu, Mama Nyafuru: "Shemeji, mwezi ukijaa hivyo taa haivutagi dagaa, mitumbwi inalalaga nchi kavu. Sasa tuanike nini, mchanga?"

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Mimi mtoto wa ziwani niliuona mchoro ule kabla haujatumwa, nikaupitisha, akili yote ikiwa kwenye rangi na ukubwa wa herufi! Jumatatu nikaenda kwa profesa wangu, nikamwambia waliokosea ni sisi. Nilidhani atanifokea. Badala yake akasema basi picha zichorwe upya huko huko, pamoja na watakaozitumia, na mimi nije Kiriba kwa msimu mzima.

Ila kikundi lazima kiridhie. Kikikataa, kazi itapelekwa kwa wavuvi wa nchi nyingine, nami nitabaki huku mpaka nimalize masomo. Ndiyo maana nakusumbua, mke wangu. Niombee radhi kwao. Waambie hakuna atakayepimwa kama mtoto wa shule. Nitakaa nao pale kwenye vichanja vya kuanikia dagaa, wao wachore, mimi niulize. Wakitaka kunisema, waniseme mpaka wachoke, haki yao.

Msalimie sana mama. Kaka Masatu akija kutoka machimboni Buhemba, mwambie apunguze kunipigia simu akiwa amelewa, hata kama ananikumbuka. Na dada yako anayeuza samaki Musoma mjini, mwambie sato wake nimewaota.

Halafu kuna Bwire. Jana ulipompa simu uligeuka kukoroga uji, hukumsikia. Alikigusa kioo kwa kidole, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, unatokaga lini humo?"

Wasomee wenzako na hilo pia.

Mumeo anayekuwaza kila saa,
Baba Bwire