Jina Alilokubali Mtoto

Adungosi, 9 Juni 1974

Kwako Baba Amuron,

Hatujambo. Mtama umeota vizuri na ng'ombe wako amezaa.

Barua yako ya Malaba nilisoma. Unasema Daudi naye alichukua mke wa mtu na bado Mungu alimpenda, kwa hivyo mtoto wetu aitwe Daudi. Mimi sina ubishi na Mungu.

Jana mama yako alichovya kidole kwenye pombe, akamwekea mtoto mdomoni na kutaja Daudi. Mtoto akatema. Alipotaja Sulemani, mtoto akatema pia. Nikamwambia ataje Uria, yule aliyenyang'anywa mke. Mtoto akanyonya, basi amekubali.

Ochom alikuwepo. Hakuuliza habari za mke wake aliye huko kwako. Siku hizi ndiye anayekamua ng'ombe wako.

Ni mimi,
Amoit